Dirisha la Zamu

Mtu aliyebisha hodi asubuhi ile hakuwa wa mtaani. Watu wa mtaani hawabishi. Humwita mwenyeji wakiwa bado njiani na kuingia huku wakivua viatu. Huyu alibisha, akanyamaza, akabisha tena, kisha akasubiri kama mtu aliyefika ofisi ambako ameshawahi kufukuzwa.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana wa nyumba ile, kitinda mimba wa mama yake, ambaye mtaa ulikuwa umelikata jina lake zamani na kubakiza Kitinda tu. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, tambara mkononi, akifuta vioo vya sebuleni. Mbele yake alisimama mwanamume wa makamo, nywele zimenyolewa kwa ustadi mpaka mstari wa paji la uso ungefaa kupimia rula. Kidoleni alining'iniza funguo.

"Shikamoo," Kitinda alisema.

"Marahaba, dada. Nimeagizwa kwa mtu anaitwa Zamu."

Kitinda aliacha kufuta. Duniani walikuwepo watu wawili tu walioitana jina hilo. Mmoja alikuwa mama yake. Mwingine alikuwa mwanamke wa nyumba ya nyuma, na huyo alikuwa ameondoka bila kuaga mtu.

"Ni mama," alisema. "Ameenda kusaga unga, hatakawia. Wewe ni nani, kaka?"

"Mimi ni kinyozi." Kisha akacheka kwa haya, maana hakuulizwa kazi. "Yaani, mimi ni mtoto wa mume wake, huyo mama wa hapo nyuma. Baba alinizaa kabla hajamwoa yeye. Tangu atoke hospitali anakaa kwangu."

"Karibu ndani," Kitinda alisema, na sauti yake ilikuwa imeshapungua.

Sasa, kabla mgeni hajakaa, ni vizuri habari za dirisha zieleweke, maana bila hizo mengine hayatashikika. Nyumba hizi mbili zilijengwa na wanaume wawili ambao hawakuulizana. Jiko la moja lilitazamana na jiko la nyingine, na katikati yao palibaki kichochoro chembamba ambamo mtu mwenye ndoo ya maji hupita ubavu ubavu. Kila mwanamume aliweka dirisha la mbao la mabawa mawili, linalofunguka nje. Siku ya kwanza wake zao walipofungua kwa pamoja, mabawa yaligongana katikati ya kichochoro kama madume ya mbuzi, na ubao mmoja ukapasuka.

Wanawake wale waligombana wiki nzima. Waume wakaitwa kuamua, kila mmoja akasema mwenzake ndiye ahamishe dirisha, wakaenda zao kunywa chai. Wake walipochoka kungoja busara ya wanaume, waliamua wenyewe: asubuhi dirisha la huyu liwe wazi kabisa na la yule liachwe upenyo wa shubiri moja, mchana wabadilishane. Anayetaka kufungua nje ya zamu yake, aombe.

"Zamu, nifungue? Moshi unaniua."

"Fungua, mwenzangu. Ngoja nivute langu."

Katika kuombana huko ndimo yalimopita mambo mengine yote. Chumvi ilipita, na kiberiti, na habari za misiba, na siri ambazo waume hawakuzisikia mpaka wakafa. Kitinda mwenyewe alipokuwa mchanga alipitishwa dirishani kama mkate, akalelewa kutwa upande wa pili mama yake alipougua. Mwanamke yule hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Watoto wa nyumba hii walimwita Shangazi wa Dirishani, na walikua wakidhani kila mtu duniani ana shangazi wa namna hiyo.

Zamu ikipita bila mtu kuomba, mpini wa ufagio uligonga ubao wa mwenzake.

"Umekufa humo?"

"Bado. Nafanya maandalizi."

Hayo ndiyo yaliyokuwepo mpaka Kitinda alipomaliza masomo na kupata kazi.

Alikuwa na moyo mzuri. Hilo hata waliokuja kumlaumu hawakulikana. Alikuwa amekua akimwona mama yake akisukuma vitambaa kwenye nyufa za madirisha kila mvua iliponyesha. Mbao zilivimba wakati wa mvua zikakataa kufunga, na kiangazi zikasinyaa zikaachia vumbi. Mchwa walikula fremu mpaka ukiigusa kidole kinazama. Mama alikohoa. Basi mama alipokwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa ili atibiwe macho, Kitinda alichukua mshahara wake wa kwanza, akaenda kumtafuta fundi wa madirisha ya alumini.

Fundi aliitwa Milimita, kwa kuwa hakuwahi kutaja kipimo kingine. Alipima nyumba nzima akinung'unika. "Hapa dada pamepinda milimita kumi. Si mimi, ni ukuta. Ukuta huu ulijengwa na mtu mwenye haraka ya kwenda harusini." Kitinda alichagua madirisha ya kusukuma kwenye reli, yenye vioo vya giza na wavu wa mbu. Na walipofika jikoni, alieleza kwa furaha kubwa:

"Hapa ndipo nilipopafikiria sana. Hili likiwa la kusukuma, ule usumbufu wa miaka yote utakwisha. Kila mtu atafungua anapotaka. Hakuna tena wa kumwomba mwenzake ruhusa."

Alisema hivyo na machozi ya furaha yakamlengalenga. Aliamini anawafungua wazee wawili kutoka kifungoni.

Shangazi wa Dirishani alikuwa upande wa pili, akitazama tindo ikila plasta. Aliuliza, "Mama yako anajua?"

"Ni zawadi, Shangazi. Usimwambie."

"Haya." Alitazama bawa la kwanza likishushwa, kisha la pili. "Na mimi sasa nifungue lini?"

"Wakati wowote unaotaka, Shangazi. Hata sasa hivi."

Shangazi alisimama pale kidogo, mkono juu ya komeo lake. Hakufungua.

Mtaa ulikuja kuona. Wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakagusagusa reli, wakauliza bei, wakaondoka na wivu wao. Mama aliporudi, alishikwa mkono akatembezwa chumba kwa chumba. Jikoni alikaa zaidi. Alisukuma kioo huku, akakirudisha kule.

"Zuri, mwanangu," alisema. "Wala halipigi kelele."

Akaenda kulala mchana, mtu ambaye hakuzoea kulala mchana.

Yaliyofuata hayakuwa ugomvi, na hilo ndilo lililoyafanya kuwa mabaya, maana ugomvi una msuluhishi. Kwa kawaida yao, mwenye dirisha lililofungwa ndiye aliyeomba. Sasa hapakuwa na la kuomba. Mama alidhani jirani amekasirika kwa kuwekewa kioo cheusi usoni, akangoja agonge amgombeze, wayamalize. Jirani alidhani mwenzake amechoka naye, na kwamba mtoto ametumwa tu kumwambia kwa njia ya adabu, akangoja aitwe. Kila mmoja alikuwa mtu wa kuheshimu zamu ya mwenzake. Wakangojana hivyo, ukuta kwa ukuta, wakisikia masufuria ya wenzao.

Kisha siku moja mtaa ukavuma kwamba mama wa nyuma ameanguka, muuza maji amemkuta, amekimbizwa hospitali. Mama alikwenda kesho yake na chupa ya uji. Kitandani alikuta mgonjwa mwingine. Wakamwambia yule amechukuliwa na mtoto wa mumewe, wapi hawajui. Mama alirudi na uji wake.

Sasa mtoto huyo wa mume alikuwa amekaa sebuleni, funguo mezani, akitazama vioo.

"Hajambo?" Kitinda aliuliza.

"Nyonga imeunga, ila imeunga vibaya. Anatembea kwa fimbo na manung'uniko." Alijaribu kutabasamu. "Nyumba hii ya nyuma ni ya ukoo wa baba. Baba wadogo na mashangazi wameiuza. Mimi sikuwa na sauti, nilikuwa na kiti tu kwenye kikao. Nimekuja kufungasha nguo zake."

"Alianguka vipi?"

Kinyozi alisita, kama afanyavyo anapokuta kovu kwenye kichwa cha mteja. "Jikoni. Sakafu ilikuwa na maji. Alianguka asubuhi, akakutwa mchana umeshakwenda. Anasema alijivuta mpaka chini ya dirisha, akapata mfuniko wa sufuria, akawa anagonga ukuta. Dirisha lake lilikuwa wazi, akajiinua kwa mikono mpaka ukingoni. Aliona mtu anapita nyuma ya kioo chenu, kama mtu aliyezama kwenye chai ya rangi. Akagonga. Yule mtu akasimama kama anasikiliza. Kisha akaenda zake."

Kitinda alilitazama tambara mkononi mwake. Siku hiyo aliikumbuka. Mama alikuwa kliniki, na yeye alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya mafua. Alisimama jikoni na kikombe chake, akasikia ngo, ngo, ngo, kwa mbali, kama kitu kilichofungiwa kabatini. Alidhani ni wale wanaonyoosha mabati ya magari pale kona. Alikumbuka hata alichowaza: kwamba zamani, na yale madirisha ya mbao, kelele ile ingemtoboa masikio.

"Hakusema ni nani," kinyozi aliongeza upesi. "Wala hakusema kwa ubaya. Ameniagiza neno moja tu nimletee mama yako. Kasema, niulizie Zamu: nilimkosea nini?"

Mlango ulifunguka kabla Kitinda hajajibu. Mama aliingia na ndoo ya unga kichwani, nyusi nyeupe kwa vumbi la mashine. Mgeni akasimama, akajitambulisha, safari hii akianza na ukoo, kazi baadaye. Habari za kivuli hakuzirudia. Alirudia lile swali tu.

Mama aliitua ndoo taratibu. Alikaa.

"Amesema hivyo yeye? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, mama."

"Mwambie aje aniulize mwenyewe. Nina maneno ya kumjibu mpaka achoke."

"Nilimwambia nitamleta Jumamosi, siku ya kukabidhi funguo, atupe macho mara ya mwisho. Amekataa. Anasema hawezi kuja kusimama mbele ya kioo cheusi kama ombaomba kwenye gari la tajiri."

Mama alicheka, kwa kuwa alimsikia mwenzake ndani ya maneno yale, kisha kicheko kikageuka njiani akashika ncha ya khanga, akajipangusa uso. Unga ukaacha michirizi.

Kitinda alisema, "Mwambie atakuta dirisha la mbao. Linalofunguka nje."

Wote wawili wakamgeukia.

"Dada," kinyozi alisema, "usinitie uongo mdomoni. Kumpandisha garini mtu mwenye nyonga ile ni kumpandisha juu ya misumari. Nikimwambia lipo, alikose, hatanisamehe, na mimi ndiye ninayemkorogea uji."

"Litakuwepo. Nakuahidi."

"Jumamosi?"

"Siku yoyote utakayokuja naye."

Alipoondoka, mama aliipeleka ndoo ya unga jikoni. Kisha akasema, si kwa ukali, "Watu husema majuto ni mjukuu. Wewe umenipatia mjukuu kabla hujanipatia mkwe."

Kitinda hakuweza kucheka. Alikuwa ameshavaa viatu.

Alimkuta Milimita uani kwake, akikata kioo juu ya meza iliyofunikwa kipande cha zulia. Alimweleza alichotaka, na fundi akaweka chini kikatio chake ili asikie vizuri.

"Nilitoe? Lile la jikoni? Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro."

"Linavujisha?"

"Halivujishi."

"Basi nani amekuroga, dada yangu? Wateja wangu hulia nikichelewa kuweka. Wewe ndiye wa kwanza kulia nitoe."

"Yale mabawa ya zamani yako wapi?"

Milimita alijikuna. Bawa moja alikuwa amempa mama mkwe wake, na sasa lilikuwa mlango wa banda la kuku. Kulidai kungekuwa kuvunja ndoa. La pili lilikuwa pale pale. Alinyanyua zulia. Meza aliyokuwa akikatia vioo ilikuwa ni bawa lile, rangi ya kijani imechanwa mistari mia ya kikatio.

"Lichukue," alisema. "Lakini mimi siji kuvunja. Fremu ile nimeipiga sementi na silikoni, mimi si mtu wa kubahatisha. Haitatoka nzima, na kioo hakitatoka kizima. Nikionekana navunja kazi yangu mwenyewe, nani atanipa nyingine? Chukua tindo. Chukua nyundo. Ukiulizwa, hukunijua."

Kitinda alivunja mwenyewe. Mama alisimama nyuma yake na ndoo, wala hakumwambia aache, wala hakumwambia aendelee. Kioo kilikataa mapigo ya kwanza, kisha kikaachia ufa mrefu, kikashuka kwa sauti kama ya mvua ya mawe. Reli ilijikunja. Plasta mpya iliyopakwa rangi ya maziwa ilianguka kwa mapande na kuacha matofali wazi, mekundu kama fizi. Kaka mkubwa alipiga simu katikati ya kazi, akaelezwa, akasema, "Kwa hiyo mshahara wako wa kwanza umeutia kwenye ndoo ya taka."

"Ndiyo, kaka."

"Na mvua zinaanza."

"Najua, kaka."

Alipokata simu aliinama kuokota vigae vya kioo. Alilipenda dirisha lile. Alikuwa amelichagua yeye, rangi na reli na wavu, akiwa bado mwanafunzi anayepita mbele ya maduka bila kuingia. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri, na aliyekileta akawa anakupenda, na bado kikawa kibaya.

Seremala alikuja Alhamisi jioni, mtu mnene wa maneno machache. Aliunga fremu ya mbao mbichi kwenye tundu, akaishika kwa sementi. Lile bawa moja alilipindua mara mbili, akapuliza unga wa mchwa kutoka kwenye matundu ya bawaba.

"Hapa palishaliwa," alisema. "Nimeziba kwa vipande na gundi. Kesho usiliguse. Libaki limefungwa, limeegemea fremu. Ukiliachia uzito kabla gundi haijashika, litang'oka na bawaba zake na kipande cha ukuta, na mimi sitakuwepo kulikamata. Jumamosi fungua utakavyo."

"Jumamosi ndiyo tunayoitaka," Kitinda alisema.

Ijumaa asubuhi alikuwa amevaa nguo za kazi, mkoba begani, viatu vya ofisini miguuni. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na ruhusa zake za mafua na za madirisha zilikuwa zimeshaanza kumfanya msimamizi wake amwangalie kwa upande. Alikuwa anameza chai ya mwisho pale mlango ulipobishwa. Mara moja. Kisha kimya. Kisha tena.

Kinyozi alikuwa anatokwa jasho. "Si kosa langu," alisema. "Mnunuzi amebadili siku. Anataka funguo leo, yuko njiani na mafundi wake. Mama yuko garini. Amesema maneno mabaya kwa kila shimo la barabara. Dada, lipo?"

Kitinda alimtazama mama yake. Mama alitazama jikoni, ambako bawa lilikuwa limeegemea fremu yake kama mgonjwa anayeegemezwa mto.

"Lipo," Kitinda alisema.

"Linafunguka?"

"Mpeleke jikoni kwake. Akifika, litakuwa wazi."

Alipotoka mgeni, mama alisema, "Gundi, mwanangu."

"Wewe lisukume tu, mama. Polepole. Mimi nitakuwa chini."

Aliweka mkoba juu ya meza, akazunguka nyuma, akaingia kwenye kichochoro ubavu ubavu. Maji ya kufulia ya nyumba fulani yalikuwa yakipita katikati, akayakanyaga na viatu vya ofisini. Alichuchumaa chini ya dirisha la mama yake, akaegemeza mgongo ukutani. Bawa lilipoanza kusogea alilipokea, kwanza kwa viganja, kisha kwa bega, akanyanyuka nalo kidogo kidogo mpaka uzito wote ukamkalia yeye na bawaba zikawa za kuonyesha tu. Mbao ile ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Punje za sementi mbichi zilimdondokea shingoni.

Upande wa pili fimbo ilisikika ikigonga sakafu tupu, ikisimama, ikigonga tena. Komeo likalalamika. Dirisha la pili likafunguka, upenyo wa shubiri moja, si zaidi.

"Zamu."

"Naam, mwenzangu."

Kutoka chini Kitinda hakuona sura ya yeyote kati yao, na wao hawakumwona. Aliona mbingu tu, ukanda mwembamba kati ya mapaa mawili.

"Mbona bawa moja?"

"La pili limeolewa na kuku."

Alisikia pumzi ikitoka puani, ile namna ya Shangazi ya kucheka bila kumpa mtu faida.

"Nilikukosea nini?" Shangazi aliuliza.

"Hukunikosea. Nilidhani mimi ndiye niliyekukosea. Nilingoja ugonge unitukane."

"Nigonge nini, kioo? Nikivunje niambiwe mzee ana wivu?"

"Ungegonga tu."

"Na wewe ungeita tu."

"Ningeita," mama alisema. "Nilikuwa nasikia sufuria zako. Nikajua umepika. Nikasema, kesho."

"Na mimi nilisema kesho."

"Tumekuwa wajinga uzeeni."

"Ujinga haustaafu, Zamu."

Mnunuzi alipiga honi huko mbele ya nyumba, fupi, ya mtu mwenye adabu asiye na muda. Hakuna aliyeijali. Mama aliuliza nyonga, akajibiwa kwamba ipo lakini haisikii la mtu. Aliuliza huko anakokaa dirisha linatazama nini.

"Ukuta. Mtoto yule ni mwema, ananikorogea uji, ananikata kucha. Lakini dirisha linatazama ukuta, nao ukuta hauna zamu. Nafungua ninapotaka." Fimbo ikakwaruza sakafu. "Sikujua kama mtu anaweza kuchoka kufungua anapotaka."

Bega la Kitinda lilikuwa limeanza kutetemeka. Alihamisha uzito kidogo, na bawaba ya juu ikalia, ikatoa unga. Alibana meno, akaupandisha tena.

"Siku ile ulipoanguka," mama alisema taratibu, "nilikuwa kliniki. Naapa. Ningekuwepo ningesikia."

"Najua hukuwa wewe. Nakujua unavyotembea hata nyuma ya kioo."

"Hata nyuma ya kioo? Kwani ulimwona mtu?"

Kitinda aliinua macho. Juu yake mkono wa Shangazi ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha lake, vidole vyake vimekonda, pete imefungwa uzi isichomoke. Aliutazama mkono ule. Ulikuwa umemwogesha. Sasa ulifumba, ukafumbuka.

"Macho yangu ni mabovu kuliko yako, mwenzangu," Shangazi alisema. "Nadhani ilikuwa nguo imetundikwa. Huyo kitinda mimba wako yuko wapi?"

"Ameenda kazini," mama alisema.

"Vizuri. Mwambie lile dirisha lake lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kweli. Usiache kumwambia."

"Nitamwambia."

Machozi yalimtoka Kitinda na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Angeweza kusema. Neno moja tu, Shangazi, na wangeinama wote wawili wakamwona. Lakini Shangazi akimwona angemtoa chini ya ubao, na ubao ulikuwa ndiyo ahadi yenyewe. Ndani ya nyumba, mezani, simu ilikuwa inalia mkobani, ikakatika, ikaanza upya. Alijua ni nani. Honi ya pili ilipigwa, ndefu zaidi, na sauti ya kinyozi ikasikika ikiomba dakika chache, mzee wa watu anaaga.

"Wanakuita," mama alisema.

"Acha waite. Nimekuja na nyonga mbovu, siondoki kwa honi." Fimbo iliegemezwa mahali. Kitu kizito kiliburutwa, labda ndoo iliyopinduliwa, na mtu akakaa juu yake kwa kuguna. "Haya niambie. Yule mkwe wako, mke wa mwanao mkubwa, mwenye kiburi, alishazaa?"

"Ah, hilo ni la kukaa chini."

"Nimeshakaa."

Mama naye akavuta kigoda. Akaanza kueleza tangu mwanzo, taratibu, bila kuruka kitu. Chini yao, maji ya kufulia yakipita juu ya viatu vyake, Kitinda alibadilisha bega.